Kopo la Vifungo

Vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, ngazi ya mbao, na choo kilichozibwa dirisha kwa blanketi kikawa chumba cha kusafishia picha. Shirika lilianza na hayo. Wenyewe walikuwa wapiga picha watano waliochoka na magazeti: unapeleka filamu, wanaikata picha nusu, wanabaki na filamu, na jina lako hulioni hata kwa dawa. Aliyewakusanya alikuwa mwanamke ambaye siku hizo ni watoto wa kaka yake tu waliomwita Shangazi. Leo anaitwa hivyo na kila anayepanda ngazi ile.

“Kisu ni chetu,” aliwaambia, “nyama wanakula wao.”

Kanuni nyingi zilitoka kwake pia. Filamu ni mali ya aliyeipiga. Picha haikatwi. Na kila mwaka kila mwanachama, awe mwanzilishi au mgeni wa jana, huweka mezani picha mpya, wenzake wakazipigia kura kwa kutia koponi vifungo vya yule fundi wa chini: cheupe abaki, cheusi aondoke. Vyeusi vikizidi, mtu anachukua filamu zake na kwenda zake salama. Kwa kanuni hiyo aliondoka rafiki yake wa ujana, waliyeanzisha naye shirika, na Shangazi hakuficha kwamba cheusi kimoja kilikuwa chake. Sheria ni msumeno, alisema. Yule rafiki hakumsalimu tena mpaka anaingia kaburini.

Sasa msumeno ulikuwa unarudi nyuma. Mikono ya Shangazi ilikuwa imeanza kutetemeka. Mwaka uliopita aliweka mezani picha zilizokuwa ukungu mtupu, na alipochota vifungo vyake vikagongana kiganjani kama meno ya mtu mwenye homa. Wote wakageukia dirishani kana kwamba hawasikii. Kopo lilipomiminwa, vilitoka vyeupe vitupu. Alishuka ngazi bila kuaga. Binti wa kaka yake, anayesafisha picha za shirika, alimfuata akamkuta kwa fundi, amejiinamia.

“Wamenipa pole,” Shangazi alimwambia. “Mimi sikupeleka msiba, nilipeleka picha.”

Tangu hapo alijiapiza jambo moja: mwaka huu wamhukumu kweli, na kama ni kutoka, atoke kwa haki.

Aliendelea kwenda kwa fundi kila asubuhi kwa sababu ngazi ilimshinda kuipanda kwa mkupuo mmoja. Siku moja kamera ilimwelemea akaiweka juu ya meza ya kukatia nguo.

“Leo imechoka kamera au umechoka wewe?” fundi akamtania.

“Iache, ina mikono mizuri kuliko yangu.”

Alisema kwa mzaha, kisha akaitazama upya. Akachomeka waya wa kubonyezea ili kidole chake kisiiguse kamera, akafungua jicho la kamera, akaliacha wazi kitambo. Cherehani zikaendelea kukimbia. Alifanya hivyo wiki nzima, na fundi na vijana wake wakaacha kumtazama.

Chumbani, chini ya taa nyekundu, binti, Shangazi akiwa kando yake, alizamisha karatasi ya kwanza kwenye maji ya dawa. Cherehani ndizo zilizotokea kwanza, nyeusi, zimetulia kama mawe. Kisha mkasi, kisha vibiringo vya uzi. Watu walikuwa wamegeuka moshi. Mikono haikuwa mikono tena bali njia ambayo mikono ilipita, na kitambaa kilimwagika mezani kama maji. Katikati ya moshi huo akajitokeza fundi mwenyewe, kamili, mpaka mikunjo ya paji la uso. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Amebana pumzi.

Binti alisahau kuitoa karatasi kwa wakati. Shangazi alishika ukingo wa beseni. Maisha yake yote alikuwa akiwasimamisha watu kwa kidole juu ya kamera. Huyu alikuwa amesimama mwenyewe, na kamera ilimngoja.

“Nani kaipiga hii?” akauliza kwa sauti ndogo, kana kwamba kuna mtu wa tatu mle ndani.

Siku ya kura alipanga picha sita mezani. Mwanachama mmoja, mtu mzima aliyepiga picha za vita na mafuriko, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama tena. Vifungo vikaingia koponi. Binti akavimimina: vyeupe, vyeupe, na kimoja cheusi.

Shangazi alikiokota kile cheusi.

“Ni changu,” akasema kijana wanayemwita Mbishi. “Tano kati ya hizi, Shangazi, sijawahi kuona kitu kama hiki. Lakini ya tatu inarudia ya pili. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba picha isiyo na neno jipya isipande ngazi.”

Shangazi akaziweka ya pili na ya tatu bega kwa bega. Akazitazama, akaitoa ya tatu, akaigeuza kifudifudi.

“Kweli,” akasema. Uso wake ulikuwa umefunguka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake. “Haya, Mbishi, lete zako tuone.”

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa vifungo. Vikagongana kwa nguvu, na mara hii hakuna aliyegeukia dirishani.