Mrija wa Nyuma

Pampu ya breki ya gari la baba, gari kuukuu la Kifaransa linalonizidi umri, ilipokufa, Kolwezi nzima haikuwa na nyingine ya aina yake. Rafiki yangu, fundi niliyekaa naye dawati moja chuoni, akapata ya pikapu ya Kijapani iliyochakaa mgodini. Boliti zake zilikubali. Mirija ilikataa: nati zetu zilikuwa ndogo, matundu ya pampu makubwa.

Nilipima kila nati mara tano, nikachora, nikafuta, nikachora tena. Tukakubaliana: mirija ya mbele ibadilishwe nati na kupanuliwa midomo upya, wa nyuma usubiri kiungo ambacho mchonga vyuma angetutengenezea. Jumamosi rafiki alirudisha gari.

"Magurudumu yote ine iko na breki, sawa?" nikamwuliza.

"Yote ine, ndugu. Pumzika."

Jumapili tulikuwa na ubatizo upande wa Nzilo, kwenye miteremko. Mama alikuwa ameshaketi garini na beseni la chakula mapajani nilipofungua boneti, kuhakikisha tu. Kwenye tundu la nyuma kulikuwa na kipande cha mrija wa pikapu, kimekunjwa mara mbili na kupigwa nyundo mpaka kikazibika. Mrija wetu ulining'inia pembeni, mdomo umefungwa plastiki. Magurudumu ya nyuma hayakuwa na breki kabisa.

Nilimpigia rafiki simu.

"Mi nilifanya vile tata yako alisema," akajibu, akimaanisha baba. "Alinikataza kukuambia. Eti ule mutoto anawaza mpaka kichwa inatoa moshi."

"Na we ulisema nini?"

"Tulicheka tu, ndugu."

Nilipogeuka, baba alikuwa nyuma yangu, amevaa suti. "Ungejua, ungetuandikia makaratasi mwezi muzima. Breki ya mbele inasimamisha. Funga hii kitu, tuende."

"Na kwa kushuka, tata?"

"Mi naendesha tangu we haujazaliwa."

Nilichukua spana, nikafungua mrija wa mbele. Mafuta ya breki yakamwagika kwenye vumbi jekundu. Sasa hata yeye asingethubutu kuliwasha gari.

Mama akashuka na beseni lake. Nikamwuliza kama naye alijua.

"Tulitaka siku moja tu tutoke bila mahesabu yako," alisema.

Walipanda pikipiki mbili za kukodi, wakaenda ubatizoni. Nilibaki na spana mkononi, nikipanga majibu ya lawama ambazo hakuna aliyebaki kunipa.