Sahani ya Pili

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Kura ya mradi wetu ilipopigwa, nusu ya wajane wa kijiji waligawiwa mbuzi, nusu nyingine wakaambulia mimi na dodoso langu, ili wakubwa wasiojua hata kumfunga mbuzi kamba wapime kama mbuzi anamfaa mjane. Bibi mmoja aliambulia mimi. Kila nikienda hunipakulia chakula, nami hukataa, maana tumekatazwa kula kwa watu tunaowahoji.

Jana nikamuuliza, "Bibi, wiki hii umekula na mtu mara ngapi?"

Akazitazama sahani mbili mezani. "Mgeni asipokula, mwenyeji atapona vipi? Haya, andika sifuri. Na wewe je, mjukuu wangu?"

Nikaandika sifuri yake. Yangu haikuwa na pa kuandikwa.