Mate ya Mama Chiang Mai

Mama yangu alishuka kwenye ndege Chiang Mai, mji mkongwe wa kaskazini mwa Thailand, akiwa amevaa sweta mbili. Ilikuwa Aprili. Kwetu Wamagana, huko Tetu, Kenya, Aprili ni mwezi wa matope na wa kuchuma chai ukiwa umelowa hadi kiunoni. Huko ni mwezi wa joto la kulainisha lami. Nikamsihi avue hata moja. "Niko sawa," akasema, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Mama hajawahi kukubali kushindwa na hali ya hewa, nami nimerithi jeuri hiyo yote bila kupunguza.

Jeuri hiyo ndiyo iliyotukosanisha. Miaka sita kabla ya hapo niliacha kazi ya kudumu katika shule moja ya msingi karibu na mji wa Nyeri, nikaenda kufundisha Kiingereza Thailand. "Unaacha kazi ya serikali uende kufundisha watoto wa wenyewe?" aliniuliza. Kwetu, mtoto akisafiri, mzazi humtemea mate kidogo viganjani, mepesi kama manyunyu, na hiyo ndiyo baraka yake. Ndugu zangu wote walipewa. Asubuhi ya safari yangu mama hakutoka. Nilipita uani na begi, nikasikia maziwa yakigonga ndoo ndani ya zizi, nikaenda na viganja vikavu.

Tangu hapo tulikuwa tukiongea kwa simu kila Jumapili: mvua, ng'ombe, nani amejifungua. Hilo la baraka hatukuligusa. Nilipomtumia tiketi nilijua vizuri ninachokitaka, lakini nilikuwa nimeapa kwamba sitakiomba. Mtu mzima hapigi hodi kuomba baraka kama anayeomba sukari kwa jirani.

Alifika wakati wa Songkran, mwaka mpya wao. Mji ule wa kale umezungukwa na mfereji mpana na mabaki ya kuta za matofali, na siku hizo watu huchota maji ya mfereji na kumwagiana mchana kutwa. Mama alisimama chini ya mwavuli akitazama. Huyu ni mwanamke aliyepandisha mitungi ya maji mlimani kwa kamba kichwani ujana wake wote.

"Ati wanamwagia watu makusudi? Na hakuna mtu anakasirika?"

Msichana mmoja akamsogelea, akainama, akammiminia maji kidogo begani, kwa adabu, kama anayemwagilia mche. Mama akaliangalia bega lake. "Huyu amefunzwa na mamake," akasema. Nusu saa baadaye mwavuli ulikuwa mikononi mwangu na bakuli mikononi mwake, na askari wa trafiki alikuwa amelowa mgongo mzima. Askari akacheka, akamwinamia. Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Wa Nyeri angeniweka ndani!"

Siku ya tatu tulialikwa na mwenye nyumba wangu, mjane wa umri wa mama. Siku hiyo vijana hupiga magoti mbele ya wazee, wakawamiminia maji yenye maua viganjani na kuwaomba msamaha kwa makosa ya mwaka. Nao wazee huwabariki kwa maneno. Nilimwonya mama mapema: "Hapa usitemee mtu mate, tafadhali."

"Kwani mimi ni mtoto?" akasema.

Waliketishwa watatu: mwenye nyumba, kaka yake, na mama, mgongo wima na sweta imefungwa hadi shingoni, kama mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Binti mkubwa wa nyumba alianza. Mamake akamwombea maneno marefu, mjomba wake vilevile. Binti alipommiminia mama maji, mama alinitazama. Maneno ya Kithai hakuwa nayo hata moja. Akaishika mikono ya yule binti, akaifungua viganja, na akatema.

Nilitamani ardhi inimeze. Mwenye nyumba akaniuliza kile ni nini, nami nikajikokota na Kithai changu: kwetu, mzazi akikuombea jema hukuachia mkononi kitu kilichotoka kinywani mwake, usije ukaenda mikono mitupu.

"Mwambie mimi ni mama ya mwalimu, si mwendawazimu," mama akadakia. Miaka sita hakuwa ameniita mwalimu. Nilitafsiri neno kwa neno.

Mwenye nyumba alifikiri kidogo. Kisha akawapungia mkono watoto na wajukuu wake wote: haya, pangeni foleni. Wakapanga. Mama akawashughulikia mmoja mmoja, bila haraka, na kila mmoja aliondoka amefumba viganja. Nilijivuna, sitaki kudanganya. Mchuma chai wa Tetu alikuwa akibariki nyumba nzima ya Chiang Mai, na hakuna aliyeharakisha kwenda kunawa.

Nilipiga magoti mwisho. Nilimmiminia maji kwenye vile viganja vilivyopasuka, vyenye weusi wa utomvu wa chai usiotoka kwa sabuni. Nilisema maneno yao, kisha nikasema yangu: "Mama, nisamehe. Niliondoka bila kukungoja utoke."

"Nilikuwa kwa zizi," akasema. "Nilikuona katikati ya mbao, mpaka ukapinda kona. Ng'ombe ikamwaga maziwa yote na sikuona."

Akaifungua mikono yangu. Akainama, akafungua kinywa, kisha akakifunga. Akamgeukia yule binti mkubwa na kumwonyesha ishara ya kunywa.

"Mate imeisha," akaniambia. "Ngoja ninywe maji kwanza. Hii yako ni ya miaka sita."

Akaletewa glasi, akainywa yote, taratibu, nami nikangoja pale chini, viganja wazi.