Wimbo wa Mayu Uliokwenda Bariadi

Mwaka ule wa kipindupindu mayu, yaani mama yangu, alizikwa na watu wa afya, kwa chokaa na kwa haraka. Matanga yalipigwa marufuku pamoja na ngoma, maana kulia na kucheza ni kukusanyika. Mjomba, mdogo wake wa tumbo moja, alisimama nami nje ya kamba waliyozungushia kaburi, tukatazama tu. Nikaapa nitamlilia mayu kwa wimbo, siku ngoma zikifunguliwa.

Katika ngoma sisi ni upande wa Bagika. Kila baada ya kuvuna pamba tulishindana na Bagalu, na mwimbaji wetu mkuu alikuwa huyo huyo mjomba. Kwetu wimbo mpya hautolewi nje mpaka siku ya mashindano. Ukisikika mapema, wapinzani watautungia jibu la kukuaibisha, au watautafutia dawa. Kwa hiyo niliutunga kimyakimya, machungani. Niliyemwimbia ni mjomba peke yake, ndani, mlango umefungwa. Alilia yule mtu! Kwikwi mpaka akakohoa. Nikazidi kumwamini.

Basi serikali ikatangaza msaada kwa vikundi vya ngoma, kwa kuwa marufuku ilitukosesha msimu: mahindi, ngozi mpya za kuwambia, na gari la kupita vijijini kuwaimbia watu wachemshe maji. Mjomba akasema ataenda Bariadi, wilayani, kutuombea.

"Mwipwa wangu, tulia nyumbani. Haya ya ofisini niachie mimi."

Nikatulia, mjinga mimi. Tukamsindikiza hadi kwenye lori la mnunuzi binafsi wa pamba, maana miaka ile malori ya ushirika yalikuwa yameoza juu ya mawe.

Wiki zikapita. Asubuhi moja gari la vipaza sauti likaingia kijijini kwetu Kasoli, nikatoka mbio. Lo! Sauti ni ya mjomba, ngoma ni za Bagalu. Bagalu, watu aliotukataza hata kuwasalimia wakati wa msimu! Na wimbo ni wangu, neno kwa neno, ila penye jina la mayu wameweka sufuria ya maji.

Nikalifuata gari nikipiga kelele: "Mjomba, huyo ni dada yako!"

Akaangalia pembeni. Baadaye alinieleza kwamba msaada ulikuwa wa kikundi kimoja kwa kata, na waliojulikana ofisini ni Bagalu, kwa hiyo akahamia kwao. Hana haya! Hata kipande cha ngozi hakutuletea.

Marufuku ilipoondolewa niliingia uwanjani, nikauanza wimbo, jina la mayu likiwa mahali pake. Watu wakaangua kicheko.

"Huo wa sufuria! Kauokota kwenye gari!"

Nani angenitetea? Aliyeusikia kabla alikuwa mtu mmoja tu, naye alikaa upande wa pili, juu ya ngoma mpya, anacheka nao. Sikumaliza ubeti. Mayu hajaliliwa mpaka leo.