Baba mkwe alivyosimama sinema

Jamani, leo baba mkwe wangu amesimama katikati ya sinema, ukumbi mzima ukamcheka.

Nilimpeleka kuona filamu ya Kiitaliano ya kuwakejeli wanasiasa, ili asishinde amejifungia kwenye fleti yetu hapa Etobicoke. (Kosa langu, najua.)

Kwenye filamu, waziri mkuu kafia kitini. Wasaidizi wanaficha kifo chake. Wanamvalisha miwani ya jua, wanamtoa na kiti chake hadi roshani, na katibu anajibanza nyuma ya kiti, anaupunga mkono wa maiti. Wananchi chini wanashangilia.

Watu hoi kwa kicheko.

Ukapigwa wimbo wa taifa.

Mzee akasimama! Wima, mikono ubavuni. Enzi zao, kwenye sinema za kule nyumbani, wimbo ukipigwa lazima usimame.

Ukumbi ukamcheka, wa nyuma wanafoka akae. Namvuta koti: "Baba, kaa, huo ni wa Italia!"

Hakukaa mpaka ulipoisha.

Tukafika nyumbani, bado tuko kwenye gari. Nikamwomba radhi kwa kumpeleka.

"Hujanikosea, mwanangu," akasema. Mzee aliwahi kuwa katibu wa mkubwa mmoja serikalini, na huwa hasimulii. "Ila wamekosea. Mtu mmoja hauwezi ule mkono. Sisi tulikuwa wawili."

Kashuka zake. Mimi bado nimeshika usukani. Mngemjibu nini?