Sidiria ya Lesi ya Harusi

Juzi nilifuata suruali yangu kwa fundi wa nguo, mtaani Noonkopir, nikamkuta mama mmoja ametandaza gauni lake la harusi mezani. Saratani ilimfanya akatwe titi moja, na sasa alitaka lesi ya gauni lile ishonwe sidiria ya kumfaa.

Fundi alishika mkasi, akasita. "Mama, nikikata hairudi. Niko na kitambaa cha pamba nyeupe. Kwani nani ataiona?"

"Pamba ni ya hospitali. Hii lesi iko na miaka thelathini na haijatoboka. Mimi nitaiona kila asubuhi."

Fundi hakusogea. Mama akamnyang'anya mkasi, akakata mwenyewe, polepole, akilizunguka kila ua la lesi.

Shuleni tulifundishwa kuiita sidiria nguo ya ndani na kutazama kando. Nilitazama kando kwa bidii, hata suruali niliyoifuata nikaisahau.