Dua ya Bada na Mlenda

Mpaka leo nikipita Korogwe naangalia chini, na bora niwaambie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na Athumani, mdogo wangu, maana yeye akisimulia anaongeza chumvi mpaka mimi nakuwa nimezimia, na sikuzimia.

Mwezi wa nne nilipata kiharusi kidogo. Nilikuwa dukani kwangu Chanika, hii ya Handeni, nampimia mtu misumari, mkono wa kushoto ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakagoma, na kabla hatujafika hospitali vyote vikarudi mahali pake. Daktari akasema hilo ni onyo, akanipa vidonge vya presha na kingine cha kukojoza, na nesi akanifundisha kwamba nikihisi vibaya nijipime mambo matatu: nicheke nione kama mdomo umepinda, ninyanyue mikono miwili nione kama mmoja unashuka, niseme sentensi moja nione kama inatoka sawasawa, na kimoja kikikataa nisikae, nikimbilie hospitali.

Nesi alisema nikihisi vibaya. Mimi nikawa najipima kila saa. Ganzi ikija kidoleni (na ilikuja mara nyingi, na mara nyingine neno ninalolitaka haliji, linakuja jirani yake) naenda kwenye kioo, nacheka, nanyanyua mikono, nasema, "Mama Zaina kapika bada na mlenda." Ndiyo ilikuwa sentensi yangu. Mama Zaina ni mke wangu, bada ni ule ugali wa muhogo, mlenda ni mboga yake, na mwanzoni alikuwa anajibu kutoka jikoni kwamba hajapika, baadaye akachoka kujibu.

Sasa Shabani, mtoto wa marehemu kaka yangu, akapata mchumba Korogwe, binti wa Kisambaa anaitwa Rehema, na kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa baba zake waliobaki, msemaji wa posa ni mimi. Athumani akaniambia, "Kaka, safari hii niachie mimi niseme, wewe kaa tu wakuone." Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi sijafa bado. Ukweli niliogopa. Niliogopa wakijua nimeguswa na kiharusi watasema ukoo wetu una maradhi, wamnyime kijana mke, na kijana alikuwa amempenda yule binti mpaka amekonda. Nikaamua kuficha. Na asubuhi ya safari, ili nisionekane mgonjwa wa kusimamisha gari kila baada ya kilometa tatu, nikakiacha nyumbani kidonge cha kukojoza, na vile vya presha navyo nikaviacha vimpe mwenzao kampani.

Tukafika Manundu, hapo hapo Korogwe, nyumbani kwa binti, sisi saba, na wenyeji saba wanatungoja, shikamoo na marahaba zikazunguka, tukakaa mkekani. Baba wa binti, Mzee Salehe, mtu mpole wa sauti ya chini, akauliza kwa adabu wageni wamekuja na lipi. Kwetu huwezi kusema tu mnamtaka binti yao, unazunguka kidogo, unasema umekuja kuomba jiko. Nikakohoa, nikajiweka sawa, nikasema kwa sauti ya msemaji hasa, "Mzee, tumetoka Handeni, safari yote hii, tumekuja kuomba choo."

Mzee Salehe akasema, "Karibu sana, ni mlango wa nyuma," na mama mmoja akaniletea kopo la maji. Ningefanyaje? Nikalipokea, nikaenda, nikasimama humo ndani na kopo langu kwa muda unaomtosha mtu mwenye haja, na sina hata tone, najiuliza kama lile neno nimekosea tu kama watu wanavyokosea au ndiyo ugonjwa umerudi.

Niliporudi Athumani alikuwa ameshasawazisha, jiko limeombwa, watu wanatabasamu. Mzee Salehe akasema binti ameridhia na wao hawana kizuizi, ila lipo swali moja wanaliuliza kila ukoo. "Kwenu kuna maradhi yoyote tuyajue?"

Athumani akaniangalia. Nikasema, "Hakuna, mzee. Sisi wote wazima wa afya."

Na pale pale mdomo ukaingia ganzi upande wa kushoto.

Jamani, hofu niliyoipata. Nikasema moyoni nafia kwa wakwe, na uongo haujanikauka mdomoni. Nikaamua nijipime kimyakimya hapo hapo nilipokaa. Kwanza nikacheka, meno yote nje, na aliyekuwa mbele yangu ni bibi yake Rehema, ambaye alivuta ushungi akageukia ukutani. Pili nikanyanyua mikono miwili, viganja juu.

Ninyi mnajua mzee akinyanyua viganja katikati ya posa maana yake nini. Chumba kizima kikanyanyua. Watu wameinamisha vichwa wanangoja dua, mimi macho yako kwenye mkono wa kushoto kuona kama unashuka, na kwa vile nimeukazia macho nikauona kweli kama unashuka, nikaharakisha jambo la tatu.

"Mama Zaina kapika bada na mlenda."

"Amina," wakaitikia.

Sikuwa na hakika nimeutamka mlenda vizuri, nikarudia. "Mama Zaina kapika bada na mlenda."

"Amina," wakaitikia tena, ila safari hii wachache.

Pazia la chumba cha ndani likafunguka, akatoka Rehema mwenyewe, ambaye kwa desturi siku hiyo haonekani kabisa. (Anasomea unesi. Shabani alikuwa hajatuambia, alitusifia macho yake tu.) Akapiga magoti mbele yangu. "Shikamoo baba. Hebu cheka." Nikacheka. "Nyanyua mikono yote miwili." Nikanyanyua, na chumba kizima kikanyanyua pamoja nami.

"Siyo ninyi," akasema. Kisha akaniuliza taratibu, "Baba, umewahi kupata kiharusi?"

Nikamfikiria Shabani, yuko nje kwenye gari anangoja habari njema. Nikasema, "Ndiyo. Mwezi wa nne."

"Na dawa za leo umekunywa?"

"Nimeziacha nyumbani."

Posa ikaishia hapo, nikapelekwa hospitali. Presha ilikuwa juu sana, kiharusi hakikuwepo. Daktari akasema ganzi inaweza kubaki kwa muda na hofu nayo huleta ganzi yake, kwamba kuja nimefanya vizuri, ila kuacha dawa nimefanya ujinga. Shabani alikaa pembeni yangu anageuza simu mkononi bila kumpigia Rehema, na hilo liliniuma sana.

Jioni Mzee Salehe akaja kunijulia hali. Nikajua amekuja kutukatalia. Akasema, "Kuugua si kosa, ndugu yangu. Ila mimi nilikuuliza, ukanijibu uongo mbele ya mama yangu." Kisha akasema turudi baada ya wiki mbili, na swali litaulizwa tena.

Tukarudi. Athumani akasema yote ya jiko, vizuri tu, mimi nimekaa. Lilipofika swali la maradhi akanyamaza makusudi akaniachia. Nikasema kwamba nilipata kiharusi, kwamba vidole bado vinakufa ganzi na maneno yananipotea, na kwamba naogopa, naogopa kila siku, hata nikienda kuoga sifungi komeo ili nikianguka wanifikie. Hilo la komeo hata mama Zaina nilikuwa sijamwambia.

Mzee Salehe akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nina kisukari mwaka wa tano huu, na huyu binti yangu hajui."

Nyuma ya pazia tukasikia sahani inaanguka.

Mke tulipewa siku ile ile, baada ya sisi wazee wawili kusemwa na binti kwa zaidi ya nusu saa, tumekaa bega kwa bega, tumeinama. Na mimi nimeapa kwamba kuficha basi. Sasa mtu akiniuliza hali yangu namwambia ilivyo, ganzi, presha, kidonge kwa kidonge, hata kama alikuwa ananisalimia tu, na hapa Chanika wameshaanza kunisalimia kwa mbali.